Tabo au supachaja? Uzoefu wangu na magari mawili kati ya Limuru na Mombasa

Tabo na supachaja ni vifaa vinavyosukuma hewa ya ziada ndani ya injini ili iwe na nguvu zaidi. Kwa miaka mitatu niliendesha Mercedes-Benz C200 Kompressor ya lita 1.8 yenye supachaja, kisha nikaiuza na kununua Subaru Forester SG5 ya lita 2.0 yenye tabo. Zote nimezitumia kwenda kazini Nairobi kutoka Limuru na kushuka Mombasa kila Desemba. Si haki kushindanisha kasi zake, kwani ya kwanza ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 163 na ya pili 220. Nimelinganisha kila gari na lenyewe, pwani na bara.

Katika msongamano wa Barabara ya Waiyaki, supachaja ilinifurahisha zaidi. Kwa kuwa inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenki (shafti kuu ya injini), husukuma hewa ndani ya injini mara tu mguu unapokanyaga mafuta, ilhali tabo hungoja gesi za ekzosi ziongezeke ndipo izunguke vya kutosha. Ninapotaka kuiwahi matatu kwenye mzunguko, kusita huko kwa Forester hunikera hadi leo.

Mlimani mambo yalikuwa mengine. Limuru ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa zaidi ya moja ya tano kuliko Mombasa. Supachaja, ikiwa imefungwa kwenye mwendo wa injini, haiwezi kuongeza mizunguko ili kufidia upungufu huo, na gari nililolisifu Nyali, kule Mombasa, lilipanda kwetu kwa uzito, hasa likiwa na abiria wanne. Tabo ina nafasi ya kuzunguka kasi zaidi hewa inapokuwa nyepesi, hivyo hufidia sehemu kubwa ya pengo. Ningekuwa mkazi wa Kisauni nisiyetoka mjini, ningebaki na supachaja. Kwa Limuru, sikuhitaji kufikiri sana.

Tabo, hata hivyo, inadai nidhamu ya oili, kwa sababu hulainishwa na oili ileile ya injini. Mimi nilichelewa kuibadilisha hadi kilomita 9,000, nikaanza kuona moshi wa buluu, ishara ya oili kuungua, na fundi akanifungia tabo nyingine ya mtumba. Sasa ninabadilisha kila kilomita 5,000, na nikifika nyumbani baada ya kupanda mlima huiacha injini ingurume dakika moja kabla ya kuizima, ili tabo ipoe. Jirani yangu bado hudhani nimesahau ufunguo garini.