Kitini cha asili ya maneno ya utawala: kinunue, ila ukurasa wa boma usiuamini

Kitini hiki kinauzwa kwenye steshenari za Mwanjelwa, Mbeya, kurasa 24 za kopi zilizobanwa kwa pini mbili, bila jina la mwandishi. Kimelenga kidato cha tano na sita, na kwa hao kina faida kubwa.

Kinapong'ara ni kwenye mamlaka. Hakiishii kuandika "Kiarabu" na kupita. Kinatoa mzizi m-l-k, yaani herufi za msingi za neno, na kuwaita ndugu zake wote: milki, miliki, malkia. Mwanafunzi akishauona mzizi huo hana haja ya kukariri. Serikali nayo imechambuliwa sawasawa: ni Kiajemi, sar kichwa, kar kazi. Enzi imefuatwa hadi ndani ya Mwenyezi, yaani mwenye enzi, neno tunalolitamka kila siku bila kuliangalia tumboni.

Ushawishi umepewa mistari miwili tu, na hapo kimetupunja. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa kuvuruga na kutatiza, ndiyo maana hadi leo mtu akisema "alishawishiwa" tunahisi kuna aliyepotoshwa. Athari ni kitu kingine: asili yake ni alama au unyayo uliobaki. Wanafunzi huyachanganya mno haya mawili kwenye insha, na yalistahili ukurasa wao.

Kosa zito ni dola. Dola yenye maana ya nchi na dola ya Marekani zimetiwa kwenye kidahizo kimoja, yaani zimeelezwa kama neno moja. Ya kwanza ni dawla ya Kiarabu, ambayo mzizi wake ni kupokezana zamu. Ya pili ilianzia kwa sarafu ya Kijerumani, thaler, ikatufikia kupitia Kiingereza.

Zito zaidi ni boma, linaloelezwa kuwa kifupisho cha maneno manne ya Kiingereza. Uzushi huu umezagaa na unapaswa kukoma. Boma la Iringa, ambalo leo ni makumbusho, lilijengwa na Wajerumani, na Wajerumani wenyewe waliita ngome zao hivyohivyo kabla Mwingereza hajatawala huku. Boma ni ua wa kujikingia, basi.

Inasikitisha pia kwamba kitini cha Nyanda za Juu hakina majina ya watawala wa huku: mtwa wa Wahehe wala malafyale wa Wanyakyusa.

Kabla ya kulipa, fungua kurasa za katikati. Kopi zilizotolewa kwenye kopi nyingine zimefifia wino, na herufi za mizizi ndizo za kwanza kupotea. Omba nakala nyingine.