Kizimba cha fundi wa Kongowea na mbwa wangu mwoga

Kobe, mtoto wa mbwa, aliletwa kwangu Bombolulu, Mombasa, mwezi wa Februari akiwa na wiki 9, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia. Nilipomtoa aliingia chini ya kochi asitoke mpaka usiku, na jina alilipatia huko. Tuktuk ikipita nje, anakojoa. Nikifunga mlango wa chumba, analia mpaka sauti inakauka.

Ili apate pa kulala na ajifunze kutokojoa ndani, nilianza na kasha la plastiki la mtumba, lile la kubebea paka. Kwa joto la kaskazi halifai hata kidogo. Nilitia mkono ndani nikakuta fukuto kama la chungu kilichofunikwa. Mbwa hujipoza kwa kuhema, na hewa ikisimama kuhema hakumsaidii.

Ndipo nikaenda kwa fundi wa kuchomelea karibu na soko la Kongowea. "Kuku wangapi, dada?" akaniuliza. Nikamwambia ni mbwa mmoja, na atakua. Alinitengenezea kizimba cha nyaya pande zote, urefu sentimita 90, upana 60, kimo 65, chenye trei ya bati ya kuchomoa na ubao wa kukigawa ndani. Nililipa shilingi 6,500.

Ubao huo ndio ninaousifu kuliko vyote. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, lakini akipata nafasi kubwa atalala kona hii na kukojolea ile. Anahitaji kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Nimeusogeza mara 3 kadiri alivyokua.

Kasoro zipo. Komeo lilikuwa likigonga chuma kwa chuma, na kwa mbwa mwoga mlio huo ni balaa. Siku ya kwanza alirudi chini ya kochi. Nililizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, likanyamaza. Halafu upepo wa bahari: wiki ya 5 kutu ilishaanza kwenye viungo. Fundi alipiga msasa akapaka rangi bila kunidai kitu, nikakiacha barazani siku 4 harufu iishe, maana mtoto wa mbwa hutafuna kila kitu.

Lakini kizimba chenyewe hakifundishi. Siku 4 za mwanzo sikufunga mlango kabisa. Bakuli la chakula niliweka mlangoni, kesho yake katikati, kisha nyuma kabisa, na vipande vya maini ya kuchemsha nikavitupia ndani avifuate mwenyewe. Siku ya 5 nilifunga akiwa anakula, nikafungua kabla hajamaliza. Kisha dakika 2, kisha 5. Usiku kilikaa ubavuni mwa kitanda changu, nikipitisha vidole kwenye nyaya mpaka asinzie. Ndani nilimtandikia leso, yaani kanga, niliyokwisha kuivaa, apate harufu yangu. Kwa leso nyingine nilifunika pande 3 na kuacha mbele wazi kuelekea feni. Usifunike chote, Mombasa hii utampika.

Kwa umri ule hawezi kujizuia zaidi ya saa 2 au 3. Niliamka saa 8 usiku, na adhana ya alfajiri ikaniamsha mara ya pili. Nilimbeba mikononi hadi kona ile ile ya mchanga uani, nikisema "haya, kojoa", na akimaliza tu namsifu na kumpa ini papo hapo, si tukisharudi ndani. Mchana vivyo hivyo: akiamka, akila, akicheza. Mtu alinishauri nimsugue pua kwenye mkojo. Nilikataa. Mbwa mwoga ukimfanyia hivyo atajifunza kukuficha mkojo, akojoe nyuma ya kabati. Pale alipokosea nilisafisha kwa siki na maji. Jik, ile dawa ya klorini ya kufulia, ikimwagwa juu ya mkojo hutoa hewa mbaya kwa kifua, chako na chake.

Jambo jingine ni jirani. Kabla ya usiku wa kwanza nilikwenda kwa mama wa mlango wa pili, mtu mzima na mtu wa swala. "Shikamoo mama, nimepata mtoto wa mbwa, huenda akalia usiku." Akaniitikia, akasema, "Mradi asinivukie kizingiti, mwanangu." Kwa hiyo kona ya kukojoa niliichagua mbali na kamba yake ya nguo, na mchanga nauzoa kila asubuhi.

Ilichukua karibu wiki 7 mpaka sakafu ikakauka. Masika yalipoingia, usiku mmoja mvua ilipiga bati kwa kishindo. Kobe aliamka, akanitazama, akaingia kizimbani mwenyewe mlango ukiwa wazi, akalala.

Nimeshaagiza kingine kwa ajili ya dada yangu wa Likoni. Safari hii nimemwambia fundi komeo liwe la kuteleza, lenye raba, na rangi ya kuzuia kutu ipakwe kabla hakijatoka kwake.