TAHADHARI: Gramafoni "za kale" zenye honi ya shaba inayong'aa

Wapenzi wa santuri, kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na gramafoni anazoziita "halisi za 1905, kazi ya mkono, Uingereza". Msimtumie hela. Nimepitia matangazo yake yote na hakuna hata moja linalosimama.

Moja anasema ni EMG, yaani gramafoni ya kampuni ya EMG ya London. Kwanza, EMG ilianzishwa na E. M. Ginn miaka ya 1920, sasa hiyo ya 1905 aliitoa wapi? Pili, pichani kuna honi ya shaba iliyosuguliwa mpaka unajiona. Honi kubwa zilizoipa EMG jina zilikuwa za karatasi: tabaka juu ya tabaka, zimeshikwa kwa gundi, zinaanza nyembamba kooni na kupanuka taratibu kwa hesabu maalumu mpaka mdomoni. Upanukaji huo ndio unaoipa sauti nzito nafasi ya kutoka. Karatasi pia haingurumingurumi kama bati jepesi. Mtu anayeijua EMG asingeipigia picha honi ya shaba.

Nyingine zina kibati cha yule mbwa anayesikiliza gramafoni, nembo ya His Master's Voice. Mchoro wenyewe ni wa mchoraji Francis Barraud, lakini kibati cha namna hiyo kinachongwa popote. Chake kimepigiliwa misumari, tena kimekaa upande.

Kagua kiwiko, pale honi inaposhikana na mashine. Kwenye hizi bomba ni nene, limepinda kama shingo ya bata, madoa ya kulehemu yanaonekana, na honi inacheza ukiigusa. Omba pia picha ya ndani ya sanduku. Mbao ni mpya, imepakwa rangi ya kuzeesha, na kuna matundu ya skrubu yasiyo na kazi, maana mota imeng'olewa kwenye gramafoni nyingine, mara nyingi ile ndogo ya mkoba.

Kipimo kizuri kuliko vyote: video ya upande mzima wa sahani ya mizunguko 78, kama dakika tatu, bila kukatwa. Mota iliyochoka itaanza kuvuta sauti kabla ya mwisho. Mimi nilipoiomba nikaletewa sekunde chache tu, kisha nikaambiwa eti kuna mteja ameshalipa nusu, niwahi.

Aliyekwisha kununua asiweke humo sahani anazozithamini. Kile kichwa kinachoshika sindano ni kizito na sindano inachimba mifereji ya sahani. Abadilishe sindano ya chuma kila upande, na ajaribie sahani zilizokwaruzika.

Picha za matangazo yake ninazo. Anayetaka kulinganisha aniandikie kabla ya kulipa.