Ziara ya Akropoli: mwongozaji aliishia getini

Ziara iliuzwa kama saa nne kwa miguu jijini Athens, "na mwongozaji ndani ya magofu". Tulipofika geti la Akropoli, kile kilima chenye magofu ya kale, mwongozaji akatukabidhi tiketi: "Mimi naishia hapa, nawasubiri chini." Kisa hana leseni. Ugiriki hairuhusu mtu asiye na leseni ya serikali kuongoza wageni ndani ya magofu, na walioniuzia ziara wanalijua hilo fika. Huo ni wizi, sina neno jingine.

Na tulikuwa tumechelewa kwa sababu yake. Tiketi ya Akropoli siku hizi ina saa yake: unaingia dakika 15 kabla au dakika 15 baada, ukizidisha imekula kwako. Yeye akatupeleka geti la magharibi, ambako makundi makubwa ya watalii yamejazana, ilhali geti la kusini-mashariki liko karibu kabisa na kituo cha metro cha Akropoli, foleni yake kwa kawaida ni fupi, na ukipanda nalo unapita kwenye ukumbi wa kale wa maigizo wa Dionysus. Tumeponea chupuchupu.

Juu kule kila mtu akawa anapiga picha za nguzo tu. Nani angewaambia wasimame kwenye kona ya Parthenon, hekalu kuu la pale juu, washushe jicho usawa wa ngazi ya juu, watazame hadi mwisho? Ngazi imebinuka katikati, kama sentimita 11 upande mrefu, na nguzo zimeinamia ndani kidogo. Hiyo ndiyo kazi tuliyoilipia! Tena hakuonya kuhusu marumaru. Imesuguliwa na miguu ya watu hadi inang'aa, inateleza hata ikiwa kavu. Mama mmoja wa kundi letu, mwenye viatu vya soli laini, alianguka.

Haki yake nimpe: mitaani alikuwa mtu mwingine kabisa. Anafiotika, vile vijumba vyeupe vilivyobandikwa chini ya mwamba, alitupitisha kwenye vichochoro ambavyo mabega yanagusa kuta zote mbili. Alieleza vizuri jinsi mafundi wa kisiwa cha Anafi walivyokuja kujenga jiji zama za Otto, mfalme wa Ugiriki wa karne ya 19, wakajijengea kama kwao. Pale Plaka, mtaa wa kale chini ya Akropoli, kwenye mnara wa Lysicrates wa mwaka 334 KK, hakuharakisha mtu. Hapo nilitaka kumpa nyota nne.

Kisha nikaomba nirudishiwe fedha za sehemu ya Akropoli. Jibu: "Tiketi si mliingia nayo?" Tiketi tuliingia nayo, ndiyo. Mwongozaji je? Nyota moja, na hiyo ni ya Anafiotika.

Kabla hujalipa, uliza kama mwongozaji ana leseni ya Ugiriki, na siku yenyewe akuonyeshe kitambulisho chake kabla hamjaanza kupanda.