TAHADHARI: Anauza "leseni iliyomo kwenye fimwea" ya mashine pepe, kumbe ufunguo ni wa laptopu ya mtu

Wakuu, heshima kwenu. Bandiko hili limechelewa wiki nzima kwa sababu ya aibu tu. Mtu asiyejua kompyuta akipigwa anahurumiwa. Watu wa seva tukipigwa tunachekwa, na ni haki yetu. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia tulilifungua wenyewe, tukamshika mbuzi masikio, tukathibitisha kuwa ni mbuzi.

Yule jamaa wa "leseni za maisha" za Windows wengi mnamjua, anazunguka magrupu ya WhatsApp. Anauza mashine pepe (kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya seva) akidai leseni iko ndani ya fimwea, ile programu ndogo inayoiwasha mashine. Jina na namba sitaweka hapa, vimeshafika panapohusika. Ninachotaka mkijue ni ule mchezo wenyewe.

Anaingia kwa AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali. Mashine pepe aliyotuma inakuja kama faili la qcow2 (ndiyo diski yake), Windows 11 Pro ndani yake, na faili la XML la libvirt pembeni (maelezo ya jinsi mashine inavyoundwa). Hana haraka. Anafungua dirisha jeusi, anaandika `slmgr /xpr`, anabonyeza Enter, halafu ananyamaza. Kisanduku kinatokea: mashine imeamilishwa daima. Bado yuko kimya. Kisha kwa sauti ya upole: "Kaka, hii siyo KMS. Ingekuwa KMS ingekuonyesha tarehe ya kuisha." Na hapo hakudanganya. KMS, yaani seva ya shirika inayoamilisha mashine zake nyingi, huwasha Windows kwa siku 180, na amri hiyo huonyesha siku itakayokata. Ukishamsikia anasema jambo la kweli usilotarajia muuzaji alijue, ulinzi wako wote umeshuka.

Ndipo anapomalizia. Anafungua PowerShell, anaandika `(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`, herufi 25 zinashuka kwenye skrini. "Umeona? Iko ndani ya fimwea. Hata ukifomati inarudi yenyewe." TSh 85,000 kwa mashine, mashine tatu, 255,000, na ujumbe wa muamala ukaingia kabla kile kisanduku hakijafungwa.

Mtauliza watu wazima waliaminije. Bei haikuwa ya kutupa. Zile funguo za buku kumi kila mtu anazikimbia, hii ilikaa katikati, ikafanana na bei ya mtu anayenunua kwa jumla. Alijua OVMF ni nini na inatofautianaje na SeaBIOS (fimwea mbili za mashine pepe, ya kwanza ya UEFI, ya pili ya BIOS ya zamani). Aliweka swtpm (programu inayoigiza chipu ya usalama ya TPM) vizuri, maana Windows 11 inataka TPM 2.0 na UEFI yenye Secure Boot. Na alichokionyesha ndivyo laptopu halali zinavyofanya kazi: tangu Windows 8, mtengenezaji huweka ufunguo wa mashine husika kwenye jedwali la ACPI (taarifa ambazo fimwea huipa Windows) linaloitwa MSDM, ndani ya fimwea ya mazabodi. Ukiweka Windows upya, inausoma na kujiamilisha bila kukuuliza kitu.

Swali ambalo hakuna aliyeliuliza, na ndilo linalouma: fimwea ya mashine pepe imelitoa wapi jedwali la MSDM? OVMF haina. SeaBIOS haina. Mashine pepe haijatoka kiwandani. Jedwali likionekana mle ndani, kuna mtu amelikabidhi kwa mkono wake. Fungua ile XML kwa `virsh dumpxml` na ushuke hadi chini kabisa, kwenye `qemu:commandline`. Utakuta `-acpitable file=` na njia ya faili moja dogo mno. Baiti 85. Zihesabu: 36 za kichwa cha ACPI, 20 za maelezo ya leseni, 29 za ufunguo pamoja na vistari vyake. Lisome kwa `xxd`. Herufi nne za kwanza ni MSDM, na kuanzia nafasi ya 10 kuna herufi sita za jina la mtengenezaji. Pale palikuwa na jina la kampuni ya laptopu. Laptopu! Kwenye seva isiyo na hata betri.

Yaani ufunguo umenyofolewa kwenye laptopu ya mtu, na mahali rahisi pa kuunyofoa ni kwa fundi, mashine ikiwa mezani inasubiri kioo. Mwenye laptopu hajui lolote. Kwa masharti ya Microsoft leseni ya aina hiyo imefungwa kwenye mashine iliyokuja nayo, haihamishiki kwenda popote. Tulipolinganisha herufi tano za mwisho zinazotokea kwenye `slmgr /dlv`, mashine zote tatu zilikuwa na ufunguo uleule. Wa mwenzetu wa Mwanza, naye mteja wake, pia ulikuwa huohuo. Ufunguo mmoja, laptopu moja, wateja sijui wangapi.

Kwa nini ilishika mwanzoni? Seva za Microsoft hupokea ufunguo pamoja na alama za maunzi ya mashine, na ufunguo usiotumika sana unaweza kupita. Haidumu. Ukihamisha qcow2 kwenda seva mama nyingine (seva inayobeba mashine pepe) na kuunda mashine upya, UUID (namba ya utambulisho wa mashine) inabadilika, anwani ya kadi ya mtandao inabadilika, na MSDM haipo tena kwa sababu haikuwa ndani ya diski hata siku moja. Windows inaamka na kosa 0xC004F211, yaani maunzi yamebadilika. Na kama umebeba XML yake ukasahau lile faili la baiti 85, QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, haiwaki kabisa.

Hapo ndipo anapokula mara ya pili. Ukimpigia anasema fimwea "imechoka", anahitaji ada ya kuifufua, TSh 30,000. Anaingia tena, safari hii anakuomba uzime Defender (kinga ya virusi ya Windows) "kwa dakika mbili", anaendesha programu yake, anaondoka. Alichofanya ni kuingiza ufunguo wa GVLK (ufunguo wa jumla wa mashine zinazotumia KMS), ambao Microsoft wenyewe wameuchapisha bure kwa kila mtu, na kuielekeza Windows kwenye seva ya KMS ya uongo kupitia bandari 1688. Fanya `slmgr /dlv` uone: mstari wa maelezo umetoka OEM_DM (leseni ya mtengenezaji) ukawa VOLUME_KMSCLIENT (mteja wa KMS), na chini kuna anwani ya seva usiyoijua. KMS halali haitoi aktivesheni mpaka ihesabu mashine 25 za kawaida, au 5 za Windows Server. Sisi tuna tatu. Seva inayokubali mashine tatu inadanganya hesabu.

Tena angalia `Get-MpPreference`, kipengele cha ExclusionPath. Kuna folda ameiambia Defender isiiguse milele. Zile "dakika mbili" zilikuwa za hiyo kazi. Kilichomo ndani ya folda hiyo kinaendeshwa kwa haki za msimamizi, kwenye mashine ya mhasibu. Mtu wa namna hii hafai kusamehewa, mniwie radhi. Ile 255,000 mtu anaweza kuimeza. Mlango alioacha wazi kwenye hesabu za watu je? Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na iwe yeye wa kuionja. Aliyemlipa kwa simu atunze ujumbe wa muamala, apige picha mazungumzo yote kabla hajayafuta, aende polisi na namba ya jalada aidai. Namba yake ya simu iripotiwe 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Mkienda watano wenye ufunguo uleule, hana pa kujitetea.

Akikutisha kwamba usipolipa ndani ya siku tatu data zitafutika, ni uongo. Windows isiyoamilishwa hukuwekea maandishi kwenye kona ya skrini na kukuzuia kubadilisha mandhari. Faili zako haziguswi. Inayozimika yenyewe kila saa ni Windows Server ya majaribio iliyomaliza siku zake 180. Hiyo nayo anaiuza kama Standard kamili. `DISM /online /Get-CurrentEdition` ikileta ServerStandardEval, umepewa kitu cha bure kwa pesa.

Dalili nyingine kwa kifupi, maana hasira zinanimaliza. Akikuomba picha ya namba ndefu ya `slui 4` (dirisha la kuamilisha kwa simu), ile yenye tarakimu 63, ili akurudishie 48, ujue anatumia ufunguo wa MAK (ufunguo mmoja wa kuamilisha mashine nyingi) wa shirika la watu uliokwisha idadi yake. Kosa 0xC004C003 maana yake ufunguo umefungiwa, 0xC004C008 umetumika kupita kiasi, 0xC004F074 seva ya KMS haipatikani. Na mashine yoyote inayouzwa ikiwa "imeshaamilishwa" kabla hujaiona inawaka, achana nayo.

Kwa waliokwisha kuinunua: usiisafishe. `slmgr /upk` na `/ckms` zinaondoa ufunguo na anwani ya KMS, haziondoi alichopanda. Toa data peke yake, siyo programu, halafu jenga mashine mpya kwa ISO ya tovuti ya Microsoft. Kama BitLocker (kufuli ya diski ya Windows) imewashwa, chukua kwanza ufunguo wake wa uokoaji, kwa sababu ukipoteza hali ya swtpm diski haifunguki. Badilisha nywila zote zilizowahi kuchapwa humo. Kisha nunua leseni ya rejareja, ambayo ukibadilisha mashine unahama nayo, lakini ni mashine moja kwa wakati mmoja, iwe pepe au ya kushikika. Kwa Windows Server, leseni ya Standard inayofunika kokwa (core) zote za prosesa za seva, zisizopungua 16 hata kama unazo nane tu, inakupa mashine pepe mbili. Ya tatu inadai seti nyingine nzima.

Ukishaamilisha, iandike UUID ya mashine mahali salama. Siku ya kuhama, hamisha XML yenye UUID ileile, OVMF_VARS yake (faili la mipangilio ya fimwea), na folda yake iliyo chini ya `/var/lib/libvirt/swtpm`.

Aliyenunua kwake aweke hapa chini herufi tano za mwisho tu za ufunguo wake, asiweke zote. Tunazihitaji kwa ajili ya jalada.