Nimelinganisha hopsi tatu, moja imenitibua nyongo

Kwanza niseme hili: usinunue hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kwa mtu anayeziweka rafuni karibu na dirisha. Mimi nilinunua, nikala hasara.

Napika bia nyumbani, hapa Portland, Oregon. Miezi michache iliyopita niliamua kupima Cascade, Citra na Saaz. Sufuria tatu za lita nne nne, kimea kilekile cha shayiri, hamira ileile.

Cascade ni ya huku huku, ilitoka Corvallis mwaka 1972. Inanukia balungi na maua, wala haikusumbui. Citra ni pasheni na embe tupu, nyumba nzima ilinukia. Ila uchungu wake unakaribia mara mbili ya Cascade, kwa hiyo nilitia kidogo.

Sasa Saaz. Nakata pakiti, vidonge vya hopsi iliyoshindiliwa, vyote vya kahawia! Hopsi isiyoharibika huwa ya kijani. Na harufu? Soksi za wiki nzima, jibini lililooza. Hopsi ikikaa kwenye joto na hewa ndivyo inavyokuwa, kila mpikaji anajua. Sufuria ile nilimwaga yote.

Nikairudisha pakiti dukani. Yule kijana hata hakuinusa. Akasema, "Saaz ndivyo ilivyo. Labda kwenu hamjazoea hopsi."

Kwetu! Kwetu ni Kilimanjaro. Bibi yangu alipika mbege, pombe yetu ya ndizi, maisha yake yote, uchungu akiupata kwenye gome la msesewe, na gome lenye ukungu halikuvuka mlango wa jiko lake. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyenilea, halafu nifundishwe kunusa na mtu asiye na hata friji ya hopsi?

Nilitoka nikiapa Citra ndiyo bora na Saaz ni takataka. Nilikosea, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana karibu niichukie hopsi iliyotia ladha pilsna, bia ya rangi ya dhahabu, ya kwanza kabisa, huko Plzeň, Ucheki, mwaka 1842. Jirani alinipa Saaz kutoka kwenye friji yake, ya kijani, pakiti imetolewa hewa. Nikapika upya. Uchungu laini, harufu ya majani makavu na viungo kwa mbali, glasi ya pili inakuita yenyewe. Citra glasi ya pili imenishinda.

Kwa hiyo Saaz ya kwanza, Cascade ya pili. Au zilingane, Cascade sijawahi kuipata mbovu. Fedha yangu mpaka leo sijarudishiwa.