Kiwanda cha kushona cha Magomeni: Kaunda suti yangu na kijana wa vifungo

Fundi huyu wa Magomeni, Dar es Salaam, amenishonea nguo kwa miaka mitatu, na Kaunda suti niliyoichukua mwezi uliopita ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Nililipa shilingi 70,000 za ushonaji, kitambaa kikiwa changu. Suti imekaa vyema mabegani na kola imetulia. Kasoro zake ni mbili, na mojawapo inatokana na jinsi kiwanda hiki kinavyompokea mgeni wa kazi.

Kijana aliyeingia humo mwaka jana hakuanza kwa somo wala kwa cherehani. Alipewa pasi, kisha sindano ya mkono, akawa ananyoosha nguo zilizokwisha kushonwa, anashikiza vifungo na kukunja pindo za suruali. Mpita njia angedhani anatumikishwa tu. Lakini mimi, niliyezoea kusubiri nguo zangu kwenye benchi lao, niliona kwamba anayepiga pasi mashati kutwa nzima huishia kujua, bila kuambiwa, shati lina vipande vingapi, mkono unaungana wapi na bega, na mshono upi huwahi kuachia. Baadaye akaruhusiwa kuunganisha vipande kwa cherehani. Mkasi hajaushika bado, kwa kuwa mshono uliokosewa hufumuliwa, ilhali kitambaa kilichokatwa vibaya ni hasara ya mteja. Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewachunguza mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia, katika miaka ya 1970, alikuta mpangilio kama huu: mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi, huanzia kazi za mwisho za nguo, na kukata huja baadaye.

Nafasi yake miongoni mwa wenzake nayo imebadilika. Zamani alitumwa chai na chapati. Sasa naye huchanga pesa ya chakula cha mama lishe, na ninapopimwa, yeye ndiye anayeandika vipimo daftarini, huku fundi mkuu akivitaja kwa sauti. Siku moja mteja aliita "fundi!" kutoka mlangoni, kijana akageuka nyuma kutafuta anayeitwa, na kiwanda kizima kikacheka, naye akicheka nao.

Sasa kasoro. Suti ilichelewa siku nne, na kifungo cha pili kililegea siku ya kwanza kuivaa. Nilipoirudisha, fundi mkuu aliomba radhi yeye mwenyewe, kisha akamkabidhi kijana kazi ile mbele yangu bila kumkaripia, akimwonyesha tu jinsi ya kuzungusha uzi chini ya kifungo ili kipate shingo. Kifungo hicho kimeshafuliwa mara kadhaa na hakijatikisika.

Ninachokilaumu zaidi ni malipo ya mwanagenzi, ambayo hayajulikani kabla ya Jumamosi jioni na hutegemea wingi wa oda. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini, na kiwanda chenye wateja wengi hivi kingeweza kumwandaa kijana wake kwa hatua hiyo.

Anayehitaji nguo ya harusi apeleke kitambaa wiki tatu kabla, na avute kila kifungo kabla ya kuondoka. Kijana mwenyewe ndiye atakayekuletea sindano ukikuta kimelegea.